Mishipa mipya ya moyo: damu ya Kisumu isomwe vipi?

Mgonjwa wa moyo anapopelekwa kutoka Kisumu au Nakuru kufanyiwa baipasi, yaani upasuaji wa kupandikiza mshipa ili damu ipite kando ya ule ulioziba, mara nyingi ndugu wameshachangisha harambee, na kila kipimo kinachoongezwa ni mzigo juu ya mzigo. Je, kupima damu kutafuta dalili za mishipa mipya kunamsaidia?

Wanaounga mkono wana hoja nzito. Msuli wa moyo ukikosa oksijeni, seli zake hutoa protini iitwayo VEGF, inayochochea mishipa midogo ichipuke karibu na ile iliyoziba. Waliogundua jinsi seli zinavyotambua upungufu wa oksijeni walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Kwa mgonjwa ambaye mishipa yake imeharibika hata haipandikiziki, kujua kama moyo unajitafutia njia si jambo dogo.

Tatizo ni kwamba damu haisemi protini hiyo imetoka wapi. Saratani huipandisha, kidonda pia. Na baipasi ni kidonda: kifua hupasuliwa, mara nyingi mshipa hutolewa mguuni. Kiwango kikipanda baadaye, ni moyo unaopona au ni ngozi inayoziba?

Hata kichupa cha maabara kinabadilisha jibu. Kwenye kile chenye kizibo chekundu damu huachwa igande, na chembe sahani zikigandisha damu humwaga VEGF ziliyoibeba. Chenye kizibo cha zambarau kina dawa ya kuzuia kuganda, hivyo namba huwa chini. Mkono ni uleule, majibu mawili.

Tena, wagonjwa wa moyo 178 waliwekwa kwenye jaribio la tiba liitwalo VIVA, wengine wakapewa VEGF yenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: siku ya 60 waliopewa VEGF hawakuwa wamewashinda waliopewa dawa tupu ya kulinganishia.

Huku ziwani kuna malaria pia. Angiopoietini-2, protini nyingine ya mishipa, hupanda sana katika malaria kali. Viwango vilivyopimwa kwa Wazungu wasioumwa malaria haviwezi kutumika vivyo hivyo Ahero, karibu na Kisumu. Hilo kwangu ndilo linalodai utafiti ufanyike hapa hapa, kwa damu ya watu wa hapa, na gharama alipe mtafiti. Mgonjwa asitozwe hata shilingi. Pesa ya harambee ilipie kwanza dawa za presha, na vipimo vya ECG (umeme wa moyo), troponini (protini ya damuni inayoonyesha msuli wa moyo umeumia) na sukari, ambavyo majibu yake daktari anaweza kuyafanyia kazi leo.