Usimwage chenga za mkaa

Kiroba cha mkaa kinapofika mwisho, karibu kila nyumba ya Dar es Salaam hufanya jambo lilelile. Vipande vikubwa vikiisha, mtu hukikung'uta kiroba, vumbi jeusi linatimka, na zile chenga zilizobaki chini humwagwa mtaroni au huingia kwenye mfuko wa taka kusubiri gari. Nimefanya hivyo kwa miaka. Leo naandika kuwaomba wenzangu tuache, kwa sababu zile chenga ni mkaa kamili. Pesa yake umeshaitoa na mti wake umeshakatwa.

Bibi yangu wa Muheza hakutupa hata chembe. Alikuwa na debe lililotoboka pembeni, akikusanya humo kila chenga, na likifika nusu alizikanda na udongo wa kichuguu, akafinyanga madonge yenye ukubwa wa chungwa dogo, akayaanika juu ya bati la banda la kuku. Maharage ya jioni yaliiva kwa madonge hayo. Sisi wajukuu tuliona ni umaskini. Nilipoanza kununua mkaa kwa pesa yangu mwenyewe ndipo nilipomwelewa, na wakati huo alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Sikuwahi kumuuliza vipimo vyake.

Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa Tanzania inatumia mkaa wa tani milioni 1 kwa mwaka, na kama nusu yake huishia Dar es Salaam peke yake. Jiji limepanuka sana tangu hapo. Mkaa huo unachomwa kwenye tanuri za udongo, zile za kurundika magogo na kuyafunika kwa nyasi na udongo, ambazo mara nyingi hula kilo 5 hadi 10 za kuni ili kutoa kilo 1 ya mkaa. Kisha safari inaanza. Gunia linarushwa juu ya lori kule Kilosa, Handeni au Kilwa, linashushwa mjini, linafunguliwa, linapimwa upya kwa makopo na viroba. Kila hatua mkaa unavunjika. Makadirio yaliyozoeleka ni kuwa sehemu 10 hadi 15 katika kila 100 huishia kuwa chenga na vumbi. Kwa tani milioni 1, hizo ni tani 100,000 hadi 150,000. Nenda kwa muuza mkaa yeyote mtaani kwako, utazame ardhi pale anaposimama ilivyo nyeusi na laini. Pale kuna miti.

Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kutengeneza mkaa au kuni kwa taka za nyumbani, jibu langu ni fupi: anza na chenga, ongeza karatasi, ishia hapo. Nasisitiza hilo la kuishia hapo, na nitalirudia, maana ndipo watu wengi wanapokosea.

Mimi nafanya hivi. Chenga nazichekecha kwanza ili kutoa mchanga, misumari na vijiwe. Vijiwe ni hatari, vikipata moto hupasuka na kuruka. Vipande vilivyo vikubwa kidogo navitia kwenye gunia nene na kuvitwanga kwa mchi wa zamani ambao haugusi tena chakula. Karatasi nazikusanya mwezi mzima: magazeti, daftari za watoto zilizokwisha baada ya kung'oa pini na majalada yenye plastiki, maboksi, na zaidi ya yote trei za mayai. Trei ya mayai ni zawadi, kwa kuwa yenyewe ilitengenezwa kwa karatasi iliyovurugwa, ukiiloweka inarudi haraka kuwa rojo. Nazichana ndogondogo, naziloweka kwenye ndoo siku mbili, halafu nazivuruga kwa mikono mpaka zifanane na uji mzito usio na mabonge. Anayeharakisha hatua hii atajuta, kwa sababu karatasi isiyoyeyuka haishiki chenga, na donge likikauka litaachana katikati.

Baada ya hapo nachanganya. Ndoo kubwa ya chenga kwa ndoo ndogo ya rojo iliyominywa maji ndiyo pa kuanzia, lakini mkono ndio unaoamua. Chukua konzi moja, minya kwa nguvu, fungua kiganja. Maji yakichuruzika, mchanganyiko ni mbichi mno. Ukimeguka, ongeza rojo. Ukikaa umeshikamana na alama za vidole zinaonekana, anza kufinyanga. Mimi natumia kopo la maziwa ya unga lililokatwa pande zote mbili. Nashindilia kwa kitako cha chupa, natoboa tundu katikati kwa kijiti ili hewa ipite, nasukuma linatoka. Siku ya kwanza naweka kivulini, maana jua kali la ghafla hulipasua donge nje wakati ndani bado maji. Kisha jua kamili siku nne au tano. Vunja moja uangalie moyo wake. Kama katikati pana ubaridi na weusi uliokolea, rudisha juani.

Wengi hufundishwa kutumia uji wa unga wa muhogo kama gundi, nao unashika vizuri kweli, labda kuliko karatasi. Ila muhogo ni chakula, na siwezi kumshauri mama anayepimia unga kwa kikombe aumwage kwenye mkaa. Halafu kuna jambo lililonikuta. Mwaka wangu wa kwanza nilitengeneza madonge ya uji mwezi wa nne, katikati ya masika. Jua halikutoka siku tatu. Ya nne niliyakuta yamevaa ukungu mweupe kama pamba, na usiku panya walikuwa wamekula pembe za mengine. Kazi ya siku mbili ilikwenda shimoni, na iliniuma, kwa kuwa nilikuwa nimewaambia watu wa nyumbani kuwa mwezi ule hatutanunua mkaa. Tangu hapo natumia karatasi, na kazi yote naimaliza kabla ya mwezi wa tatu au naisubiri masika ipite.

Ukiachana na chenga na kutumia karatasi tupu, utapata kitu kingine kabisa. Hizo ni kuni, zinatoa ndimi za moto na moshi. Zinafaa mafiga ya nje kwenye uwazi, hazifai jiko la mkaa kibarazani. Mimi natengeneza chache za kuwashia tu.

Kuna waliopima mambo haya kwa mizani na saa. Watafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, na Chuo Kikuu cha Nairobi walifanya kazi na vikundi vya Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, vinavyotengeneza madonge ya chenga kwa kuchanganya na udongo au karatasi. Walipika githeri, yaani makande, ya watu watano. Kwa madonge ya chenga na udongo gharama ilikuwa shilingi 3 za Kenya, kwa mkaa wa kawaida shilingi 26, na kwa mafuta ya taa shilingi 45. Bei za leo ni nyingine, lakini tofauti ya namna hiyo haifutwi na bei kupanda. Waliona pia kuwa madonge yale yanawaka kwa zaidi ya saa 4, wakati mkaa wa kawaida ulikwisha baada ya saa 2 na nusu hivi. Nilipolijua hilo nilimkumbuka bibi na debe lake.

Jikoni madonge yana tabia yake, na anayeyatumia kama mkaa wa kawaida atayalaumu bure. Yanachelewa kushika. Weka vipande vichache vya mkaa wa kawaida chini, vikishakuwa vyekundu panga madonge juu, subiri. Usipepee kwa fujo wala usichokoe kwa koleo kila dakika, kwa sababu donge linawaka kuanzia nje kwenda ndani, na ganda lake la majivu ndilo linalotunza joto. Moto wake ni wa taratibu. Kwa maharage, makande au supu ya kwato, sijaona kinachoyashinda. Kwa chai ya asubuhi watoto wanapochelewa shule, washa gesi kama unayo.

Sasa narudi kwenye kuishia hapo. Si kila kinachowaka ni kuni. Mtaani kwangu mtu anaponunua mkaa unyevunyevu huuwashia kwa kipande cha ndala iliyochakaa, au kifuniko cha chupa, au kile kinailoni cha kufungia karanga. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, lakini plastiki za kuwashia jiko hazijaisha. Na nimewahi kuona watu wakifundishana kuyeyusha plastiki ili ishikamanishe vumbi la mbao, wakiita ubunifu. Tafadhalini, msifanye hivyo. Moshi wa plastiki unabeba sumu, na plastiki zenye klorini, kama mabomba ya PVC na baadhi ya ngozi bandia, zikiungua hutoa gesi inayochoma koo na mapafu pamoja na sumu za dayoksini zinazokaa mwilini miaka mingi. Anayeinamia jiko hilo mara nyingi ni mama akiwa na mtoto mgongoni. Pakiti za maziwa na juisi zenye utando wa kung'aa ndani nazo zikae mbali, zina plastiki na alumini. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa, na vumbi la mbao za kubandika kwa gundi kutoka kwa mafundi fanicha, vilevile. Uliza fundi kabla hujazoa.

Maganda ya chakula ninayasemea kwa namna nyingine. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni mabaki ya chakula na majani, kwa hiyo wapo wanaoona maganda ya ndizi na viazi kama hazina ya mkaa. Yanaweza, ila lazima uyakaushe, uyachome kwenye pipa bila hewa mpaka yawe meusi, ndipo uyasage, na kinachobaki ni kidogo sana. Kwa maoni yangu ganda la ndizi ni la mbuzi kwanza, na kama huna mbuzi ni la shina la mpapai. Udongo wa Dar ni mchanga, una njaa. Katika mabaki ya jikoni, kifuu cha nazi peke yake ndicho ninachokitetea kwa moyo wote. Ni kigumu, kinatoa mkaa mzuri, na wauza nazi sokoni wanakutupia. Jaza pipa, washa, moshi mzito mweupe ukishakuwa mwepesi wa kuonekana kwa shida, funika na uzibe kwa udongo mpaka kesho yake. Usifunue mapema kutazama. Hewa ikiingia vingali vya moto, vinawaka upya na unabaki na majivu.

Na hata donge lililo safi kuliko yote lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa wowote unapoungua hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na watu wamelala na jiko chumbani kwa sababu ya baridi au mvua wasiamke. Kutokuona moshi si dalili ya usalama. Pikia uwani, au kibarazani penye upepo unaopita.

Najua nchi imeamua kuelekea kwingine. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na mimi nauunga mkono bila kusita. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Siwezi kuwa mwandishi wa kutetea jiko la mkaa. Lakini mtungi wa gesi ukiisha tarehe 20 na mshahara ni tarehe 30, jirani yangu ananunua mkaa wa kopo, na hapo katikati ndipo ninaposema nae. Maadamu mkaa bado unaingia mjini, basi uungue wote, usimwagwe sehemu moja katika kumi.

Ninachotamani kuona hakihitaji mashine. Kila muuza mkaa awe na gunia la chenga lililofunikwa, si rundo linaloloweshwa na mvua na kutiririka mtaroni. Serikali ya mtaa ikae naye na vikundi vya akina mama wakubaliane nani achukue, siku gani. Shule za msingi hutoa magunia ya daftari zilizokwisha kila Desemba, na nyingi huchomwa nyuma ya vyoo. Ukiweka gunia lile la chenga na lile la daftari pamoja, mtaa mzima una mkaa wa kupikia maharage wiki kadhaa.

Jumamosi iliyopita mama wa nyumba ya tatu alinigongea akiwa na ndoo mbili za chenga kichwani na mkononi. "Baba, umesema tusimwage. Haya, nifundishe." Tulikaa uwani mpaka alasiri, watoto wakichana trei za mayai. Sasa hivi kwenye bati letu kuna madonge 64, yake 30, na leo asubuhi tumeyageuza upande wa pili. Yanahitaji siku tatu za jua, na mawingu ya upande wa baharini yameanza kuwa mazito.