Eda si ugonjwa, lakini yaweza kuuficha

Ile karatasi ya maswali 9 wanayopewa wagonjwa huku Uingereza inaudhi. Ajuza ambaye mumewe hajatimiza mwezi kaburini anaulizwa: wiki 2 zilizopita umelalaje, umechoka, unakula? Kila swali lina alama 0 hadi 3. Usingizi, uchovu na chakula peke yake vyaweza kumpa 9, na kwenye 10 wanaanza kushuku sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Nani aliyefiwa juzi akalala, akala?

Lakini wanauliza. Kwetu Mombasa nyumba hujaa, mikeka hutandikwa, khitma husomwa, na hakuna anayemuuliza mwenyewe kitu. Najua mtakalosema: kenda Ulaya, karudi na uzungu. La hasha. Yale matanga ni dawa ambayo huku hawana, na kumtoa mtu mkekani kumpeleka kwenye vidonge kwa sababu analia ni kosa.

Kinachonikera ni vile tunavyoisoma eda. Miezi 4 na siku 10 mama hatoki, hajipambi, hajitii manukato. Hiyo ni ibada. Basi aliyeshikwa na sonona naye hatoki wala hajipambi, nasi twamsifu kwa kuishika eda vyema! Msitazame mlango wala nguo. Tazameni huzuni yenyewe inavyokwenda. Ya msiba hujaa na kupwa: akiiona kofia ya marehemu atalia, mjukuu akiingia atatabasamu, atauliza chai iko wapi. Sonona haipwi. Hukaa siku nzima, karibu kila siku, wiki 2 na zaidi, na mjukuu akija ni sawa na asipokuja.

Kisha sikilizeni lawama zake. "Ningemwahisha hospitali" ni ya msiba. "Mimi sifai, nawaelemea tu" ndiyo ya kuogopa. Kumsikia marehemu akimwita alfajiri si wazimu, huwapata wengi. Na akisema natamani nimfuate, muulizeni waziwazi kama amefikiria kujitoa uhai; swali halimtii wazo. Mkimkuta ameweka akiba ya vidonge, vichukueni na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wanaohofia sheria wajue Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226, kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka katiba.

"Ni subra tu," mtaniambia. Mbona mgonjwa wa sukari hamumwambii asubiri bila dawa?

Yapo maswali mengine 15, ya ndiyo au la, yaliyotungwa kwa wazee, na hayagusi usingizi wala chakula. Yanauliza kama ameridhika na maisha, kama ajiona hana thamani. Majibu 5 ya kuelekea sonona yatosha kumpeleka kwa daktari. Apimwe damu na homoni za tezi ya shingo kwanza, maana upungufu wake huiga sonona. Akiandikiwa dawa, aanzie dozi ndogo, na msikate tamaa kabla ya wiki 4 hadi 6. Amitriptilini muiulizie sana: humlevya mzee akaanguka, na yaweza kuuvuruga moyo.

Wala eda haimzuii kwenda kutibiwa. Mwenye shaka amuulize kadhi. Avae buibui lake, gari lisogezwe hadi barazani.