Rangi gani, ya maji au ya mafuta?

Kiangazi kikiingia Lubumbashi, kuanzia mwezi wa tano, mvua inakatika, kuta zinakauka, na ugomvi unaanza. Mwenye nyumba na fundi wamesimama mbele ya ukuta uliokwisha kupakwa. "Fundi, nilikuambia bluu." "Sasa mama, hii si bluu?" Wote wawili wanasema kweli. Kinachoniudhi ni hukumu inayotolewa baadaye, na mara nyingi inatolewa na watu waliosoma: eti kosa ni la Kiswahili. Eti lugha gani hii, couleur (ya jicho) inaitwa rangi na peinture (ya kopo) nayo inaitwa rangi, afadhali tuagize kwa Kifaransa. Mtu anayesema hivyo ajaribu kuingia dukani aseme "bleu" tu, halafu aone kama atatoka na bluu aliyokuwa nayo kichwani.

Neno lenyewe halina kosa. Lilitufikia kutoka Kiajemi, nasi tumelipa kazi nyingi: linachoona jicho, kilichomo ndani ya kopo, kinachochuja kitenge kikilowekwa, kinachopakwa kucha na midomo, jezi za timu zetu za mpira, Mazembe na Lupopo, hata ngozi ya mtu. Tukisema "ubaguzi wa rangi" hakuna anayefikiria brashi. Mazungumzo yenyewe yanachagua maana. Shida iko mahali pamoja tu, pale dukani kwenye meza ya muuzaji, kwa sababu hapo maana mbili zinasimama pamoja, kilichomo ndani ya kopo na kinachoonekana ukutani, na mteja ametaja moja akidhani ametaja zote mbili.

Kwa hiyo aina kwanza. Ukuta wa simenti unataka rangi ya maji, ile tunayoiita lateksi. Milango, madirisha ya chuma na mageti yanataka rangi ya mafuta. Watu wengi wanapaka mafuta kwenye ukuta mpya kwa sababu yanang'aa na yanafutika vizuri kwa kitambaa. Lakini simenti mbichi ina ukali wa chokaa, na ukali huo ukikutana na mafuta unayageuza kuwa kitu kama sabuni. Baada ya miezi michache utaona malengelenge, ukigusa panashika vidole, kisha ngozi nzima inabanduka. Ndiyo maana ukuta mpya unasubiri siku 28 kabla ya kupakwa chochote. Ukiona unga mweupe umetoka juu yake, hiyo ni chumvi inayotolewa na maji yanayokauka ndani. Usipake juu yake. Sugua kwa brashi kavu, ungoje, na ikirudi ungoje tena.

Mkono wa kwanza wa lateksi unaongezwa maji: lita 1 mpaka 2 kwa lita 10 za rangi, ili ipenye. Ngoja saa 4. Mkono wa pili nusu lita inatosha. Lita moja inafunika mita za mraba 8 mpaka 10 kwa mkono mmoja, kama ukuta ni laini. Ukuta wenye chembechembe unakula zaidi. Ukuta wa mita 12 kwa mita 2 na nusu ni mita za mraba 30, mikono miwili ni 60. Agiza lita 8. Fundi anayekuambia lita 4 zinatosha ataongeza maji, na hiyo ndiyo rangi inayobaki kwenye nguo kila mtu anapoegemea ukuta.

Sasa ile rangi nyingine, ya jicho. Hapa ndipo nyumba nyingi zinaharibika. Inanunuliwa ndoo ya nyeupe na vichupa vya kukoleza, fundi anatia bluu kidogo kidogo huku anakoroga, anaangalia, anaongeza. Ndoo inaisha katikati ya ukuta. Anachanganya nyingine kwa macho. Zikikauka, mahali zilipokutana panaonekana mstari kutoka juu mpaka chini, na jua la saa kumi jioni halimfichi mtu. Dawa yake ni moja: changanya rangi yote ya kazi nzima kwa siku moja, mimina ndoo hii katika ile na ile katika hii mpaka zote ziwe kitu kimoja. Tena, lateksi ikiwa mbichi inaonekana imefifia, ikikauka inakolea. Fundi anayeacha kutia bluu pale ndoo inapompendeza tayari amepitiliza. Paka kwanza kipande cha sentimita 50 kwa 50, ukiache mpaka kesho, ukiangalie asubuhi, jioni, na usiku chini ya taa.

Na jina? Kiswahili kina -eusi, -eupe na -ekundu, kisha karibu yote mengine yanatajwa kwa vitu: kijivu ni majivu, manjano ni bizari, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda. Wengine wanauita huu umaskini. Mimi naona ni maelekezo kamili: lugha inakuambia ulete kitu chenyewe. Nenda dukani na kipande cha rangi ya zamani kikubwa kama kiganja, au kigae, au kipande cha bati.

Nakubali, shingo upande, kwamba kitu nacho hakitoshi. Chukua malakiti, jiwe letu, linalochongwa visahani vya majivu ya sigara na vinyago kote mjini. Ligeuze mkononi: mstari wa kijani kizito karibu nyeusi, kando yake kijani cha jani changa, kisha tena kizito, yote katika jiwe moja. Lisage, na kadiri unga unavyokuwa laini ndivyo unavyofifia. Ukimwambia fundi "kijani cha malakiti", atachagua mstari gani? Hapo namba inasaidia. Mfumo wa RAL, ulioanzia Ujerumani mwaka 1927, una namba za tarakimu nne, na ya kwanza inataja ukoo: 1 manjano, 3 nyekundu, 5 bluu, 6 kijani, 7 kijivu. Ukiwa na mabati ya rangi, muulize aliyekuuzia namba ya RAL ya mabati hayo.

Kwa kuta za nje, usisahau mkanda wa chini. Mvua ikirudi inarusha udongo mwekundu ukutani mpaka karibu mita moja, na nyeupe haitapona. Paka hapo rangi ya udongo wenyewe. Oksidi ya chuma inayofanya ardhi yetu iwe nyekundu ndiyo inayotiwa kwenye rangi hiyo, na jua haliifubazi, wakati nyekundu nyingi za kung'aa zinapauka mapema.

Basi ukifika dukani sema hivi: "Lateksi ya nje, RAL 5015, lita 8, zote za mchanganyiko mmoja." Kiswahili kitupu, isipokuwa namba, na muuzaji hatakuuliza "bluu gani?"