Daraja lililokaguliwa kila mwaka, na bado likaanguka

Daraja la Fern Hollow mjini Pittsburgh, Marekani, halikusahauliwa na wakaguzi. Kwa vile lilikuwa limechakaa, lilikaguliwa kila mwaka, na ripoti zikarudia yale yale: matundu ya kutolea maji yameziba, maji na uchafu vinatuama kwenye miguu ya chuma, kutu inakula. Asubuhi ya Januari 28, 2022 likaporomoka na basi la abiria juu yake. Hakufa mtu, na hiyo ni bahati tu.

Kisa hiki kinawachanganya wote wanaobishana kuhusu upangaji wa ukaguzi: twende kwa kalenda au kwa kiwango cha hatari?

Kalenda ilizaliwa na msiba. Desemba 15, 1967 Silver Bridge, lililovuka mto Ohio tangu 1928, lilianguka magari yakiwa yamejaa juu yake, watu 46 wakafa. Marekani ikaweka kanuni za kitaifa mwaka 1971, na miezi 24 ikawa ndiyo desturi. Faida yake kubwa ni kwamba haimpi mkubwa nafasi ya kusema "hilo bado zima, liacheni mwakani" pale bajeti inapobana. Sidharau hoja hiyo hata kidogo.

Wa upande wa pili wanauliza kwa nini daraja jipya la zege, tena la barabara yenye magari ya kuhesabika, lipewe mafundi na vifaa sawa na la chuma lililozeeka. Kanuni za 2022 zimewasikiliza: daraja lililo salama likipita tathmini linaweza kusubiri hadi miezi 72, na lililo hoi lazima litazamwe ndani ya miezi 12.

Mimi hoja hiyo ya kubana matumizi hainivutii sana. Kinachonivuta ni Silver Bridge lenyewe. Lilining'inizwa kwa vyuma virefu vyenye tundu kila mwisho, viwili viwili, vikishikwa na pini. Ufa wa kina cha milimita 2.5 hivi ulijificha ndani ya kiungo, mahali ambapo jicho halifiki bila kukifungua. Mkaguzi angekwenda hata kila wiki, asingeuona. Ila anayepima hatari huanza kwa kuuliza: chuma hiki kikikatika, mzigo utabebwa na nini? Pale jibu lilikuwa hakuna, na michoro ilitosha kulionyesha.

Lakini hesabu ya hatari ni nzuri kadiri ya takwimu zinazoingizwa. Fern Hollow lilipokadiriwa uwezo wa kubeba, lami ilihesabiwa kuwa nyembamba kuliko ilivyokuwa. Kibao kikaruhusu tani 26. Wachunguzi walisema hesabu sahihi ingelifunga daraja.

Kwetu Afrika Mashariki ningeongeza jambo ambalo kalenda tupu hailioni: masika. Mto ukifurika huchimbua udongo chini ya nguzo kwa usiku mmoja, na wachota mchanga wakiwa wameshaanza kazi hiyo kiangazi, ndiyo kabisa. Ukaguzi wa Januari hausemi lolote kuhusu hali ya Mei. Makalavati nayo yapitiwe kabla mvua hazijaanza, maana kuzibua ni kazi ya koleo na vibarua wachache.

Kwa hiyo naegemea hivi: kalenda ibaki kuwa ukomo usiovukwa, na hatari iamue nani atangulie, nani atazamwe mara nyingi zaidi na kwa vifaa gani. Hata hivyo Fern Hollow lilikuwa na ukaguzi wa kutosha kwa kipimo chochote. Kilichokosekana ni mtu wa kuzibua matundu na kupaka rangi. Mpango wa ukaguzi usiobeba fungu la matengenezo ndani yake mimi siupitishi. Kila pendekezo liandikwe jina la ofisa anayelibeba na tarehe ya mwisho. Tarehe ikipita kazi haijafanyika, uzito unaoruhusiwa upunguzwe siku hiyo hiyo, au barabara ifungwe.