Kilichoidhoofisha Nicodemus ni reli kabla ya ukame

Makala moja inadai kwamba Nicodemus, kijiji cha jimbo la Kansas nchini Marekani, kilipoteza watu wake kwa sababu ya ukame, dai ambalo linaliacha kando pigo lililotangulia, nalo ni reli. Watu weusi waliotoka utumwani, wengi wao wa Kentucky, walikianzisha mwaka 1877 katika nyanda zisizo na miti, wakachimba makao ardhini, na katika majira ya baridi ya kwanza walisaidiwa na Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika, waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni, ambao waliwagawia chakula. Haikupita miaka kumi wakawa na makanisa, shule, maduka na hata magazeti mawili. Mwaka 1888 reli waliyoitarajia sana ikapita ng'ambo ya Mto Solomon, nao wafanyabiashara wakaifuata huko. Ukame wa miaka ya 1930 uliwakuta wanakijiji wamekwisha kupungua. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 14 tu. Hata hivyo, kila mwishoni mwa Julai vitukuu vya waanzilishi hurejea kuadhimisha ukombozi kutoka utumwani, na kwa maoni yangu makala isingepaswa kukiita kijiji hicho mahame. Je, yupo msomaji aliyewahi kuhudhuria maadhimisho hayo?