Barabara kuu ya I-66 haikuwa wazi kwa kila dereva

Makala ninayoijibu hapa inadai kwamba tozo inayopanda na kushuka kulingana na msongamano imewanyang'anya madereva wa kaskazini mwa Virginia barabara waliyokuwa wakiitumia bure. Kwa kipande cha I-66 kilicho ndani ya Beltway, yaani barabara kuu inayouzunguka mji wa Washington, dai hilo ni nusu ya ukweli, kwa sababu kabla ya Desemba 2017 kwa kawaida dereva aliye peke yake hakuruhusiwa kupita humo kuelekea Washington asubuhi za msongamano. Tozo, hata ilipofika dola 40 katika juma la kwanza, ilimfungulia mlango uliokuwa umefungwa, ingawa kwa bei ya kutisha. Walioumia hasa ni wenye magari ya haibridi, waliopoteza msamaha wao wa kupita hata wakiwa peke yao, na waliozoea kuwahi kabla ya saa 12:30 asubuhi, kwani masharti sasa yalianza saa 11:30 alfajiri. Tena Desemba 2022 idadi ya watu garini, dereva akiwemo, inayoruhusu kupita bure ilipandishwa kutoka wawili hadi watatu, jambo ambalo mwandishi hakuligusa, na hapo ndipo mimi na mwenzangu wa kazini tulipoanza kulipa. Je, ninyi mliofanikiwa kumpata mtu wa tatu wa kudumu, mlimpataje?