Kota na Kambi za Jeshi Zikibaki Wazi, Zisiuzwe

Kila inapovuma habari kwamba kikosi fulani cha jeshi kitahamishwa kutoka mjini na kupelekwa kwenye nafasi zaidi, swali la kwanza linaloulizwa Kampala ni nani atakayepewa kile kiwanja. Nyumba zilizomo hazitajwi, wala familia zinazolala humo. Napinga mazoea hayo, na msimamo wangu nautoa mapema: kota na kambi ambazo UPDF, yaani jeshi la Uganda, haizihitaji tena zikarabatiwe, zipangishwe, zitumiwe na raia, lakini umiliki wa ardhi yake usitoke mikononi mwa umma.

Sababu yangu kubwa iko kwenye kilima cha Mengo, Kampala. Tarehe 24 Mei 1966 wanajeshi walioongozwa na Idi Amin, kwa amri ya Rais Milton Obote, waliishambulia Lubiri, kasri la mfalme wa Buganda, Kabaka Mutesa II akakimbilia uhamishoni, na kasri lake likageuzwa kambi. Jengo la Bulange, lililokuwa makao ya Lukiiko, bunge la Buganda, nalo likachukuliwa na jeshi. Mgeni anayetembezwa Lubiri leo hufikishwa kwenye handaki la zege lililochimbwa liwe ghala la silaha, na ambalo utawala wa Amin ulilifanya mahali pa mateso: vyumba vimepangwa upande mmoja, sakafu zake zimeinuliwa juu ya ujia uliokuwa ukijazwa maji na kutiwa umeme, na ukutani mngali mna maandishi ya waliofungiwa humo. Mahali hapo pametunzwa kama kumbukumbu, na wageni hulipa kiingilio ili kupaona. Sheria ya 1993 ya kuwarudishia watawala wa jadi mali zao iliweza kutekelezwa Lubiri kwa sababu serikali zilizotangulia, pamoja na maovu yote yaliyotendeka humo, hazikuwa zimekikata kile kilima viwanja na kuwauzia matajiri. Kama zingalifanya hivyo, kungalirudishwa nini?

Waingereza walifuata njia nyingine, na gharama yake inajulikana. Mwaka 1996 Wizara yao ya Ulinzi iliuza kota za familia za wanajeshi, zaidi ya nyumba 57,000 za England na Wales, kwa kampuni ya Annington kwa takribani pauni bilioni 1.66, kisha ikazipanga nyumba zile zile kwa mkataba wa miaka 200, na kazi ya kuzikarabati ikabaki kwa serikali. Kila nyumba iliyozidi mahitaji ya jeshi ilikabidhiwa kwa kampuni, na kampuni ikaiuza au kuipangisha kwa faida yake, wakati ambapo bei za nyumba nchini humo zilipanda sana. Mwaka 2018 ofisi ya taifa ya ukaguzi wa hesabu ilikadiria kwamba uamuzi ule ulikuwa umewatia walipa kodi hasara ya kati ya pauni bilioni 2.2 na 4.2. Januari 2025 serikali ilizinunua tena nyumba 36,347 kwa karibu pauni bilioni 6. Uingereza iliweza kulipa. Sisi tukiuza kambi za Mbuya au Makindye leo, hatutaweza kuzikomboa.

Wala hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta ushahidi. Nyumba za serikali katika mitaa ya Kololo na Nakasero, Kampala, ziliuzwa miaka ya 1990, na leo wizara na idara kadhaa zinalipa kodi ya pango mjini mle mle. Wakazi wa Naguru na Nakawa waliondolewa mwaka 2011 wakiahidiwa mji mpya, na sehemu kubwa ya ardhi ile ikakaa miaka mingi ikiota majani.

Tena, tunaposema kambi imezidi, imezidi kwa nani? Jeshi lenyewe lina mpango wa kujenga nyumba 30,000 kwa ajili ya askari wake, jambo linaloonyesha wazi kwamba hata waliomo jeshini hawajatoshelezwa. Koplo mwenye mke na watoto watatu, akikosa nafasi ndani, hupanga chumba kimoja nje ya uzio, chenye pazia katikati, kitanda upande huu na jiko la mkaa upande wa pili, na sare imetundikwa kwenye msumari juu ya vichwa vya watoto. Aliyepata nafasi ndani huenda akaishi katika kibanda cha bati cha mviringo, mama ingia pole, chenye joto la kuchoma mchana na baridi usiku. Askari huyo akifa, mjane wake hutakiwa kuhama. Nimekulia kota, na nimeshuhudia magodoro na masufuria yakipakiwa kwenye lori siku chache baada ya matanga. Kwa hiyo, nyumba ya mjini isiyotakiwa na kikosi kinachohama ingefaa kwanza itolewe kwa wajane na waliostaafu, kisha kwa walimu na wauguzi wa eneo hilo, ambao nao wanahangaika na pango.

Ipo kazi ambayo haiepukiki kabla ya raia kuhamia. Viwanja vya shabaha huacha madini ya risasi udongoni, maghala huweza kuacha baruti na mabomu yaliyosahaulika, na mapaa ya zamani huenda yakawa ya asbesto. Uganda ilitangaza mwaka 2012 kwamba imemaliza kutegua mabomu ya ardhini, hivyo ujuzi upo. Kambi isigeuzwe shule kabla udongo wake haujapimwa na hati ya usalama kutolewa.

Kuhusu utaratibu, Katiba ya 1995 imeipa Tume ya Ardhi ya Uganda dhamana ya kutunza ardhi ya serikali, na sheria ya 2003 ya ununuzi na uondoshaji wa mali za umma inaviruhusu vyombo vya ulinzi kuwa na orodha mbili za mali, moja ya wazi na nyingine ya siri. Bunduki iwe kwenye orodha ya siri, sina ubishi. Kota yenye vyumba viwili na bafu haina siri yoyote, na mahali pake ni kwenye orodha ya wazi, pamoja na ukubwa wa kiwanja, hali ya jengo na jina la anayeomba kuitumia. Mwekezaji akitakiwa, apewe mkataba wa miaka 49, wenye kifungu kinachoirudisha ardhi serikalini iwapo miaka mitatu itapita bila ujenzi kuanza, na kodi atakayolipa iingie katika mfuko wa kujenga na kukarabati nyumba za askari.